libcurl kwa programu za Amu: kalenda imenyooka, subira imezidi

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na sekunde 300, tutazifikia.

libcurl ni maktaba ya programu iliyoandikwa kwa C, na kazi yake ni kutoa data hapa na kuifikisha kule kwa HTTPS, FTP, MQTT na itifaki (kanuni za mawasiliano) nyingine zaidi ya 20. Bei yake ni bure. Leseni ni ya aina ya MIT: unaitia ndani ya programu unayouza bila kumlipa mtu wala kuanika msimbo wako, mradi notisi ya hakimiliki isiondolewe. Mradi unaongozwa na Daniel Stenberg wa Uswidi na umebeba jina la curl, ambalo pia ni jina la amri yake, tangu Machi 1998. Maktaba yenyewe ilitoka mwaka 2000 na toleo la 7.1. Anayeandika PHP na kuita curl_init anaitumia tayari, ajue asijue.

Kwamba inafanya kazi, hilo halina mjadala. Kwa mtu wa Amu, Faza au Kizingitini, visiwani Lamu, maswali ni mengine mawili. Inafanya nini mtandao ukikatika katikati ya kutuma? Na uweke toleo lipi kwenye mashine ambayo kuigusa ni safari ya boti? Mfano utakaotumika hapa ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofungwa kando ya mizani ya kamba mawe Kizingitini. Kila pipa likipimwa, rekodi ya chini ya KB 2 inakwenda kwenye seva kwa laini ya simu. Kipima maji cha jabia (tangi la maji) au kaunta ya duka Malindi mjini kina matatizo yale yale, ila Malindi ni rahisi zaidi kwa sababu fundi huja kwa tuktuk.

Tuanze na lililo zuri kuliko yote, ambalo halimo hata kwenye msimbo: kalenda. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki nane, siku ya Jumatano. Siku hizo 56 zimekatwa vipande vitatu. Siku 10 za mwanzo baada ya toleo hakuna kipya kinachoingia, ni kusikiliza malalamiko tu. Kisha dirisha la vipengele vipya linafunguliwa kwa siku 21. Likifungwa, zinabaki siku 25 za kurekebisha kasoro peke yake, na tangu mwaka 2025 ndani ya siku hizo hutolewa matoleo ya majaribio, rc1, rc2 na rc3.

Hesabu yenyewe si ya vitabuni. Toleo 8.15.0 lilitoka Jumatano 16 Julai 2025. Ongeza 10, unapata Jumamosi 26 Julai, dirisha linafunguliwa. Ongeza 21, ni 16 Agosti, linafungwa. Ongeza 25, ni 10 Septemba, na siku hiyo ndiyo 8.16.0 ikatoka. Wiki nane baadaye, 5 Novemba, ikafuata 8.17.0. Iliyofuata ingeangukia 31 Desemba, ikasogezwa wiki moja hadi 7 Januari 2026. Mtu akiwa na kalenda ya ukutani na kalamu anaweza kupanga ziara zake za ukarabati mwaka mzima. Ni programu chache za huria zinazokupa hilo. Nyingi hutoka mwenyewe akijisikia.

Ratiba ya siku ipo, lakini ratiba ya vitu haipo. Hakuna orodha ya ahadi kwamba toleo lijalo litakuwa na hiki na kile. Kilicho tayari dirisha likiwa wazi kinaingia, kisichokuwa tayari kinangoja dirisha lijalo. Kwa hiyo ukitaka kuchangia kipengele, kilete kikiwa na majaribio yake na maelezo yake ya matumizi, si msimbo mtupu. Ukikileta dirisha limefungwa kitabandikwa lebo ya feature-window na kukaa foleni. Hakijakataliwa. Lakini marekebisho ya kasoro hupokelewa siku yoyote, na huo ndio mlango mwepesi kwa anayeanza.

Sasa somo la vitendo, na hili usiliruke: toleo linaloishia na sifuri usilipeleke kisiwani siku lilipotoka. Toleo 8.12.0 lilitoka 5 Februari 2025, na 8.12.1 ikalifuata tarehe 13. Toleo 8.14.0 lilitoka 28 Mei, na 8.14.1 ikaja 4 Juni. Kali kuliko zote ni 8.0.0 ya 20 Machi 2023, siku mradi ulipotimiza miaka 25: 8.0.1 ilitoka siku ile ile, kwa sababu programu zilikuwa zikianguka ndani ya curl_easy_cleanup. Zile siku 10 za ukimya zimewekwa kwa ajili ya mambo kama haya. Kanuni inayotosha ni kungoja Jumamosi ya pili. Dirisha likifunguliwa bila toleo la kiraka kutangazwa, pakua.

Isipokuwa kukiwa na tundu la usalama linalokuhusu, hapo usingoje Jumamosi. Oktoba 2023 mzunguko ulikatizwa makusudi ili 8.4.0 itoke tarehe 11, kuziba tundu lenye namba CVE-2023-38545: jina la seva lenye herufi zaidi ya 255 likipitia proksi (seva ya kati) ya SOCKS5 lilifurika bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa. Waliokuwa kati ya 7.69.0 na 8.3.0 waliguswa, lakini tu kama walitumia proksi ya aina hiyo. Mizani ya kamba haina proksi. Kusoma tangazo la tundu hadi mwisho, hasa pale palipoandikwa nani anaguswa na nani haguswi, kunaokoa nauli ya boti.

Kulijaribu toleo lijalo kabla halijatoka ni kazi ya jioni moja. Pakua kifurushi cha rc1 cha tar.xz, takriban MB 3. Usivute hazina nzima ya git kwa bando la siku, na ukilazimika, tia --depth 1 ili historia yake isije. Kisha:

./configure --prefix=/opt/curl-rc --with-openssl --without-libpsl --disable-ldap
make -j2
make install

Ukiondoa --without-libpsl na libpsl (maktaba nyingine ya msaada) haimo kwenye mashine, configure itasimama na kulalamika. Wengi hudhani kifurushi kimeharibika. Na -j2 badala ya -j4 ni kwa ajili ya Pi yenye kumbukumbu ndogo, maana ikijaa mfumo huanza kuua kazi katikati. Usiweke kwenye /usr. Iache /opt, na programu yako uielekeze huko kwa LD_LIBRARY_PATH wakati wa majaribio tu.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani unajaribu jipya kumbe unatumia la zamani. Piga curl -V ya hiyo /opt usome mstari wa kwanza kwa makini: una namba mbili, ya amri na ya maktaba. Ukiona curl 8.16.0 na libcurl/7.88.1 kwenye mstari mmoja, amri ni mpya lakini imeshika maktaba ya mfumo. Kwa programu yako mwenyewe tumia ldd, amri inayoonyesha maktaba ambazo programu imeshika, au bora zaidi ita curl_version_info na uandike jibu lake kwenye logi kila programu inapoanza. Miezi sita baadaye, mtu wa Kizingitini akikusomea logi kwa simu, utajua anachozungumzia.

Hapa pia pana jambo linalowachanganya wenye kukagua usalama. Debian 12 ina 7.88.1, Ubuntu 22.04 ina 7.81.0, Ubuntu 24.04 ina 8.5.0. Namba hizo hazipandi, lakini viraka vya usalama hurudishwa nyuma ndani yake. Kikaguzi kinachoangalia namba tu kitakupigia kelele bure. Kwa mashine ya mbali, maktaba ya Debian pamoja na masasisho yake ya usalama ni chaguo la busara kuliko kujijengea mwenyewe kila wiki nane. Jijengee ukihitaji kitu kilichomo kwenye jipya tu.

Kupanda toleo hakutavunja programu yako, au tuseme ni nadra mno. Jina la faili, libcurl.so.4, halijabadilika tangu 7.16.0 ya mwaka 2006. Programu iliyojengwa mwaka ule inapaswa kufunguka na maktaba ya leo. Kinachoondolewa ni vitu vya pembeni, kama maktaba nyingine ambazo libcurl iliweza kuzitegemea, na huorodheshwa mapema kwenye faili ya DEPRECATE.md: NSS iliondoka na 8.3.0, Hyper na 8.12.0, BearSSL na Secure Transport na 8.15.0. Kama uliunda kifaa kidogo kwa BearSSL, hilo la mwisho lilikuhusu sana. Kwa OpenSSL hukuhisi chochote.

Uaminifu huo kwa yaliyopita ndio huo huo unaotuletea zile sekunde 300.

CURLOPT_CONNECTTIMEOUT, yaani muda wa kungoja muunganisho ukubali, usipoigusa ni sekunde 300. Dakika tano. CURLOPT_TIMEOUT, muda wa kazi nzima, usipoigusa ni sifuri, na sifuri maana yake ni milele. Nahodha anayengoja maji yajae apite Mkanda, mkondo wa kati ya Manda na bara, anajua yatajaa saa ngapi. Libcurl ikingoja kwa sifuri haijui wala haiulizi. Mtandao ukipotea kimya kimya, bila upande wa pili kukata, programu ya mizani itaganda na foleni ya mapipa itasimama nyuma yake. Kubadilisha thamani hizi leo kungevunja programu za watu waliozitegemea, kwa hiyo usitarajie toleo lijalo likusaidie. (Maktaba ya requests ya Python nayo haina kikomo usipoiwekea, basi tusiilaumu hii peke yake.)

Kwa rekodi ndogo kutoka gatini, thamani zinazofaa ni CONNECTTIMEOUT 20 na TIMEOUT 60. Kwa kupakua faili kubwa, kama sasisho la programu, usitumie TIMEOUT kabisa: faili inayokwenda polepole lakini inakwenda itakatwa ikiwa karibu kumalizika. Tumia jozi ya CURLOPT_LOW_SPEED_LIMIT na CURLOPT_LOW_SPEED_TIME. Ya kwanza ikiwa 50 na ya pili 60, kazi itakatwa pale tu kasi inapokaa chini ya baiti 50 kwa sekunde kwa dakika nzima. Kisha endelea ulipoachia kwa CURLOPT_RESUME_FROM_LARGE. Seva isiyoruhusu kuendelea itakurudishia kosa namba 33, na hapo huna budi kuanza upya. Usisahau CURLOPT_FAILONERROR, la sivyo ukurasa wa 404 unaweza kuhifadhiwa kana kwamba ndio faili yako na utajiuliza kwa nini haifunguki.

Jambo la pili la kubadilisha ni tabia ya mwandishi. Mifano mingi ya wanaoanza hufungua kishikio (handle) kwa curl_easy_init, hutuma rekodi moja, hukifunga kwa curl_easy_cleanup, kisha huanza tena kwa rekodi inayofuata. Kila mara DNS (daftari la anwani za seva) inaulizwa upya, TCP (muunganisho wenyewe) inafunguliwa upya, TLS (usimbaji wake) inajadiliwa upya. Chukua seva iliyo Ulaya yenye mwendo wa kwenda na kurudi wa milisekunde 200: TCP inakula 200, TLS 1.3 inakula 200 nyingine, hata kabla ya baiti ya kwanza ya rekodi. Mapipa 40 ni sekunde 16 za salamu tupu, na vyeti vinavyotumwa kila mara ni vizito kuliko rekodi yenyewe, kwa bando lako. Shika kishikio kimoja, kitumie kwa rekodi zote, kifunge programu inapozimwa. Kama una nyuzi (threads) kadhaa, kila uzi uwe na kishikio chake na CURLOPT_NOSIGNAL iwe 1. Kishikio kimoja kutumiwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja ni kutafuta balaa.

Kutumia muunganisho mmoja tena na tena kuna mtego wake. libcurl huutumia muunganisho uliokaa bure hadi sekunde 118. Mitandao ya simu huweza kuusahau mapema kuliko hapo, na haisemi. Shusha CURLOPT_MAXAGE_CONN hadi 30. Muunganisho wa zamani ukigundulika umekufa kabla jibu halijaanza kuja, libcurl hujaribu tena yenyewe kwa mpya, lakini kwa POST (ombi la kutuma data) inayosoma data kutoka kwenye kazi (function) uliyoandika mwenyewe itahitaji kurudi mwanzo wa data hiyo. Bila CURLOPT_SEEKFUNCTION utapata kosa 65. Wengi hulikuta mara ya kwanza na kudhani ni la seva.

Na kosa 28, muda umekwisha, halisemi kwamba rekodi haikufika. Linasema jibu halikurudi. Seva huenda imeshaandika kilo zake. Kwa hiyo kila rekodi iwe na namba yake ya pekee inayotengenezwa kwenye mizani, na seva ikiona namba ileile mara ya pili ijibu "nimepokea" bila kuandika tena. Bila hivyo mvuvi mmoja atalipwa mara mbili na hesabu za jioni zitazua ugomvi ambao libcurl haina mkono ndani yake.

Kosa 6 ni DNS, kosa 7 ni mlango umefungwa, 56 ni muunganisho uliovunjika njiani. Hayo yote jaribu tena, kwanza baada ya sekunde 5, kisha 10, 20, hadi dakika tano, ukiongeza sekunde chache za bahati nasibu ili mizani zote za kisiwa zisirudi pamoja stima inaporudi.

Kosa 60 ni jingine kabisa, na hapa ndipo wengi huharibu. Linasema cheti cha seva hakikubaliki. Chunguza saa kwanza. Raspberry Pi za kabla ya 5 hazina saa inayotembea zikizimwa. Stima ikikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, mashine huamka ikidhani bado ni usiku wa jana, au nyuma zaidi, na cheti kilichotolewa juzi kinaonekana hakijaanza kazi. Panga programu ingoje saa isawazishwe kabla ya kutuma, au nunua moduli ya saa yenye betri ya sarafu. Kama saa ni sahihi, sasisha kifurushi cha ca-certificates. Kuweka CURLOPT_SSL_VERIFYPEER sifuri "ili ifanye kazi" ni kumwachia yeyote mwenye waifai ya mkahawani asome na abadilishe kilo za watu.

Waifai za hotelini Shela na Malindi zina hila yake. Kama bado hujaingia kwenye ukurasa wao, HTTP ya kawaida itakuletea huo ukurasa wa kuingia na namba 200, na libcurl itasema CURLE_OK, yaani mambo sawa, kwa moyo mkunjufu. Bando likiisha hali inaweza kuwa hiyo hiyo. Daima tumia HTTPS, na baada ya kila kazi soma CURLINFO_RESPONSE_CODE pamoja na aina ya maudhui. Ulitegemea JSON ukaletewa HTML, hukufika.

Malalamiko yaliyobaki ni madogo. Vipengele vya kuweka vinapita 300 na majina yake yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Mradi wenyewe hautoi bure toleo la kutunzwa muda mrefu, ndiyo maana tumekuelekeza kwa Debian. Maelezo ya matumizi ni mengi na mazuri, kila kipengele na ukurasa wake na mfano wake, yote kwa Kiingereza.

Kwa anayepanga ziara ijayo ya Kizingitini: hesabu kutoka Jumatano ya toleo la mwisho, jaribu rc1 bara siku 25 kabla ya linalofuata, ruhusu siku 10 zipite baada ya kutoka, kisha angalia maji ya Mkanda ya wikendi hiyo. Beba kadi ya SD ya akiba yenye toleo la zamani ndani yake.